Siku ya Kuumaliza Mwaka: Tuliyoyaona Makunduchi

Hotuba kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Embulbul



Nimeombwa niwaeleze habari za safari yetu ya Zanzibar. Najua wengine mnangoja kusikia habari za bahari na samaki. Hayo nitayasema, lakini kidogo tu. Hatukwenda kutembea bure. Tulikwenda na swali, na swali lenyewe mnalijua: kwa nini vikundi vyetu vinakufa?

Mtu akiulizwa, jibu la kwanza ni pesa. Hatuna pesa, wafadhili wameondoka, mvua haikunyesha. Ni kweli, hayo yapo. Lakini hebu tukumbuke vikundi vilivyovunjika hapa Bulbul na kule Kiserian. Vingi vilikuwa na pesa. Kimoja, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa kinajengeana matangi ya kuvuna maji ya mvua. Kila mama alitoa mchango wake wa mwezi, na kila baada ya muda nyumba moja ilipata tangi. Wakajenga matangi kumi na moja. Tangi la kumi na mbili halikujengwa mpaka leo. Mchanga umeota nyasi.

Kisa ni nini? Zamu ilirukwa. Mama mmoja alingoja zamu yake, akaona tangi limepelekwa kwa jamaa ya kiongozi. Hakusema neno mkutanoni. Alisema kisimani, akasema sokoni, akasema kwenye matatu. Mwezi uliofuata hakutoa mchango. Wenzake watatu wakamfuata. Viongozi nao walijua kuna jambo, lakini hawakuuliza, wakitumaini litaisha lenyewe. Haliishi lenyewe, ndugu zangu. Kumbe hata sababu ya kurukwa ilikuwepo, kwa maana ule upande wa pili palikuwa na mgonjwa. Lakini nani alielezwa? Hakuna.

Basi tulisikia kwamba kuna mji huko Unguja ambao kila mwaka una siku maalum ya kutoa yale ya moyoni na kuumaliza mwaka. Tukasema, twende tukaone.

SAFARI NA MAHALI PENYEWE

Tulikuwa watu sita, na kila mmoja alijilipia nauli. Tulitoka hapa tukapita Kiserian mpaka Isinya, tukashika barabara ya Kajiado hadi Namanga. Mpakani tulipigiwa mihuri, tukaendelea Arusha, kisha Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam unapanda meli, na kwa saa mbili hivi uko Unguja mjini. Kutoka hapo ni gari tena, kuelekea kusini mpaka mwisho wa kisiwa. Hapo ndipo Makunduchi.

Msifikirie mji kama Ongata Rongai. Makunduchi ni vijiji vilivyoshikana, na ardhi yake imejaa mawe ya matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na bahari. Mkulima wa kule analima kati ya mawe. Watu ni wavuvi na wakulima. Ukipanda na pwani hiyo ya mashariki unafika Jambiani na Paje, ambako akina mama hulima mwani baharini maji yakitoka. Kilimo hicho kilianzishwa mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Siku hizi kina taabu, kwa sababu maji ya bahari yamezidi joto na ile aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa. Baadhi ya vikundi vya akina mama vimeanza kutengeneza sabuni ya mwani badala ya kuuza mwani mkavu peke yake. Nimelitaja hilo ili mjue kwamba wale si matajiri wanaocheza. Ni watu wenye shida kama zetu.

Sherehe yao inaitwa Mwaka Kogwa. Huwa mwezi wa Julai, na huendelea kwa siku nne. Kogwa maana yake ni kuoga, kwa sababu desturi ilikuwa watu kwenda baharini kuoga, kuuosha mwaka uliopita. Asili yake inahusishwa na Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya ya Waajemi, ambao tangu zamani walifanya biashara na pwani yetu. Mtauliza, mbona Waajemi husherehekea mwezi wa Machi na hawa Julai? Wazee wa pwani walikuwa na hesabu yao ya mwaka wenye siku 365 kamili, bila ile siku ya nyongeza ya Februari. Kwa hiyo kila miaka minne mwaka ule husogea nyuma siku moja. Ukiupa miaka mia kadhaa, utakuwa mbali kabisa na ulikoanzia. Hesabu hiyo ndiyo waliyoitumia kujua majira ya kulima, kuvua na kusafiri kwa pepo za kaskazi na kusi. Hata Mombasa na Lamu siku ya mwaka ilijulikana sana.

WANAFANYA NINI?

Siku ya kwanza ndiyo kubwa. Watu hukusanyika katika uwanja unaoitwa Kae Kuu. Wanawake wamevaa nguo zao nzuri kabisa, wamejitia manukato, wanazunguka kwa makundi wakiimba. Katika nyimbo zao hutoa mafumbo na vijembe: habari za mapenzi, za majirani, za mtu aliyefanya jambo lisilopendeza. Aliyelengwa anajijua.

Kisha wanaume hupigana. Naam, hupigana hasa. Upande mmoja ni watu wa kaskazini ya mji, upande mwingine ni wa kusini. Silaha yao ni vigogo vya migomba. Nyinyi mnajua mgomba ulivyo, ni maji matupu. Ukipigwa nao unasikia, lakini mfupa hauvunjiki. Mtu aliyekuwa na kinyongo na mwenziwe mwaka mzima, leo ana ruhusa ya kukitoa mbele ya watu wote. Wakimaliza, yamekwisha. Si ruhusa kulibeba jambo hilo hadi mwaka mpya.

Mmoja wetu, ambaye ni mzee wa Kimaasai na anaijua rungu vizuri, aliangalia sana halafu akauliza, "Sasa hii ni vita ya namna gani, mtu anapigwa na mboga?" Tulicheka. Lakini jioni alisema jambo ambalo mimi nililiandika. Alisema kwamba mtu akikasirika hutafuta kitu cha kushika, na mwenye hekima huwahi kumpa kitu laini.

Baada ya hapo hujengwa kibanda kidogo cha makuti. Mzee mmoja huingia ndani, kibanda huwashwa moto, naye hutoka mbio. Wenyeji hueleza kwamba ni dua ya mwaka: nyumba ya mtu ikishika moto, waliomo watoke salama na majirani wawe tayari kusaidia. Wazee hutazama moshi unaelekea wapi na kuuzungumza mwaka unaokuja. Kisha watu hutawanyika, wanakwenda kula, ngoma zinapigwa, na wengi wanashuka pwani.

Kuna jambo moja tena, na hili lilitugusa. Siku hiyo kila mtu wa Makunduchi anatakiwa awe na mgeni wake. Si vizuri mtu kula peke yake. Watoto wao walio mjini wanarudi nyumbani. Na asiye na jamaa anayekuja, huchukua mpita njia. Sisi sita tuligawanywa katika nyumba nne kabla hatujajua kinachoendelea. Pale ndipo nilipouelewa ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone.

Sitaki niwadanganye kwamba kila kitu ni kizuri. Wako walimu wa dini wa huko ambao hawaipendi sherehe hii, wanasema mambo yake mengine hayatoki katika Uislamu. Siku hizi pia wapo watalii wenye kamera, na wakubwa wa serikali huja na hotuba zao. Sherehe ikiwa kubwa, kila mtu anataka kuitumia. Hilo nalo ni somo kwetu.

TUNAJIFUNZA NINI?

Hatukwenda kuchukua mila za watu. Kibanda hatutachoma hapa, na migomba yenu ibaki shambani. Tuchukue maana yake.

Kwanza, ugomvi umepewa siku yake na mahali pake. Makunduchi hawasemi "sisi hatugombani." Wanajua watu wakiishi pamoja watagombana. Sisi kwenye vikundi tunajifanya tunapendana mno hata hakuna wa kuuliza swali. Mwenyekiti akisema "Kuna mwenye neno?" kimya. Mkutano ukifungwa, maneno yanaanza njiani. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini ndugu wakinuniana kimya kimya hata jembe lenyewe huuzwa.

Pili, kuna mwisho. Jambo likishasemwa siku ile, limekwisha. Kwetu sisi jambo la mwaka juzi linafufuliwa kila mara uchaguzi wa viongozi ukikaribia.

Tatu, wote wapo. Si viongozi peke yao waliofungiana ndani kuamua. Wanawake wana nafasi yao ya kusema, na wanasema kwa sauti. Angalieni vikundi vyetu: wanachama wengi ni akina mama, lakini baba mmoja akiingia mkutanoni yeye ndiye anayeongea.

Nne, kazi ni ya wenyeji. Wafadhili na watalii wakikosa kuja, migomba ipo, makuti yapo, chakula kitapikwa. Haingoji barua ya ofisi yoyote.

HATA JAPANI

Msidhani haya ni ya watu wa kijijini tu. Japani ni nchi ya viwanda, inatuuzia magari. Lakini katika mji wa Kyoto kuna sherehe inayoitwa Gion, ambayo asili yake ni mwaka 869, wakati ugonjwa wa kuambukiza ulipowaua watu wengi na mji ukafanya maombi. Mpaka leo, kila Julai, mitaa ya mji ule huunda magari makubwa ya maonyesho, marefu kuliko nyumba ya ghorofa, na kuyavuta kwa kamba barabarani. Kila gari ni mali ya mtaa wake, na watu wa mtaa ndio wanaolitunza. Mbao zake hazipigwi misumari. Zinafungwa kwa kamba, na sherehe ikiisha zinafunguliwa na kuwekwa ghalani.

Unaweza kuuliza, kwa nini wasipigilie misumari mara moja wakapumzika? Mimi naona faida yake ni hii: kwa kuwa gari linaundwa upya kila mwaka, kijana wa mtaa lazima afundishwe kufunga kamba na mzee wa mtaa. Wakati wa ugonjwa wa korona maandamano yalisimamishwa mwaka 2020 na 2021. Lakini mwaka 2021 mitaa kadhaa iliyaunda magari yake hivyo hivyo, bila maandamano, ili ujuzi usipotee. Sasa sisi katibu akifa au akihama, daftari linapotea naye. Nani amefundishwa kuliandika?

NA HAPA KWETU KAJIADO?

Nasi tunazo. Wazee wa Kimaasai mliomo humu mnajua kuliko mimi. Ziko sherehe tatu za rika: Enkipaata, ya kuwaandaa wavulana, Eunoto, ya morani kunyolewa na kuanza safari ya utu uzima, na Olng'esherr, ya rika kuingia katika uzee. Mwezi wa Septemba 2020, maelfu ya wanaume walikusanyika kwenye vilima vya Maparasha, hapa hapa Kajiado, kwa ajili ya Olng'esherr. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziandika sherehe hizo tatu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa haraka, maana yake zinaweza kupotea. Sababu mnaziona wenyewe. Ardhi imekatwa vipande, imeuzwa, imezungushiwa seng'enge. Manyatta ya sherehe inataka uwanja mkubwa na ng'ombe wanataka njia. Vijana wako shuleni au wanaendesha bodaboda Kitengela.

Na sisi tusio Wamaasai, tuliohamia hapa Bulbul kutoka Murang'a, Machakos, Kakamega na Siaya, tuliziacha sherehe zetu huko tulikotoka. Hapa tunakutana kwenye mazishi na kwenye harambee ya hospitali. Majirani wa miaka kumi hawajawahi kula pamoja siku ya furaha. Halafu tunashangaa kikundi hakina mizizi!

PENDEKEZO

Kwa hiyo sisi sita tunaleta pendekezo. Kila kikundi kiwe na Siku ya Mwaka. Si ile siku ya Desemba ya kugawana pesa na kukimbilia nyumbani. Siku kamili, yenye mambo matano, kwa utaratibu huu.

1. Hesabu. Mweka hazina asome hadharani, shilingi kwa shilingi, kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa. Asiyejua kusoma aonyeshwe risiti na aelezwe. Karatasi ya hesabu ibandikwe ukutani wiki moja kabla, ili watu waje na maswali.

2. Dukuduku. Hapa ndipo penye mgomba wetu. Kila mwanachama apewe nafasi ya kusema lililomkaa moyoni, naye asikatizwe. Anayeogopa aandike kwenye kikaratasi kitiwe chunguni, kisomwe na mgeni asiye wa kikundi. Sharti ni moja: linasemwa tendo, halitukanwi kabila, ukoo wala ndoa ya mtu. Aliyeulizwa ajibu hapo hapo.

3. Kufunga. Likihitaji kulipwa, liandikwe litalipwa lini. Likihitaji msamaha, wapeane mikono mbele ya wote. Likiwa ni la wizi, msilifiche kwa jina la kusameheana. Linafuata katiba ya kikundi na sheria. Mnakumbuka kwamba Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na katiba. Itoeni kabatini siku hiyo muisome.

4. Kupokezana kazi. Kila kiongozi aje na kijana au mwanachama mmoja aliyemfundisha kazi yake mwaka huo. Kama hakumfundisha mtu, aulizwe kwa nini.

5. Chakula na mgeni. Kila mwanachama aje na mgeni mmoja, hasa jirani asiye wa kabila lake. Githeri, ugali, chai ya maziwa, vitatosha. Kila mtu atoe alichonacho. Tusikope pesa ya kikundi kununulia mbuzi.

Najua kuna wasiwasi. Mama mmoja aliniambia jana, "Mkifungua hayo maneno, kikundi kitavunjika siku hiyo hiyo." Huenda kimoja au viwili vikavunjika. Lakini mama, kikundi kinachovunjika kwa sababu ya swali kilikuwa kimeshavunjika zamani, bado tu hakijatangazwa. Na afadhali kivunjike watu wakiwa wamekaa pamoja na daftari liko mezani, kuliko kuvunjikia sokoni, kila mtu na hadithi yake.

Mwingine alisema vijana watakunywa pombe waanze fujo. Basi tusiweke pombe, na tumalize kabla jua halijatua. Mwingine akasema kiongozi wake hatakubali. Huyo ndiye wa kuanza naye. Wanachama watatu wamwendee nyumbani kwa heshima, wamweleze kwamba siku hiyo inamlinda hata yeye, kwa maana minong'ono mingi juu yake itapata jibu.

Kile kikundi cha matangi, wajumbe wake wawili wamo humu leo. Sikuwaomba ruhusa niwaonyeshe kwa kidole, na sitafanya hivyo. Nawaombeni tu: matangi kumi na moja yapo na yanashika maji. Mchanga upo. Mama anayengoja bado anachota maji mbali. Kaeni siku moja, semeni, mmalize. Mvua za Novemba hazingoji.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni jambo gani linalosemwa njiani baada ya mkutano wetu lakini halisemwi mkutanoni? Kwa nini?

2. Mweka hazina wetu akihama kesho, nani anaweza kuendelea na daftari bila kukwama?

3. Katika kabila au ukoo wako, watu waliopatana baada ya ugomvi walifanya nini mbele ya wengine? Kuna lolote katika hayo linalotufaa?

4. Siku yetu ya Mwaka iwe lini, ili isigongane na kupanda, kuvuna wala ada za shule? Andikeni tarehe kabla hamjaachana.